Bandeji Bubu

"Ufunguo unao wewe, kabati unafungua wewe, halafu unaniambia hujui?" Daktari alikuwa amefikia kupiga meza.

"Ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, Daktari. Hata paka wa jikoni anaujua." Muuguzi wa vidonda hakurudi nyuma hata hatua. "Namba ishirini na tatu anakatwa mguu Ijumaa, wewe unalilia bandeji nane."

"Mkimaliza kugombana mniambie," Inspekta alisema kutoka mlangoni. "Mimi nitakuwa nimeshakagua chumba."

Akapita katikati yao kama mama anayetenganisha watoto. Kitasa cha kabati hakikuvunjwa. Sajini wake alipaka poda ya alama za vidole, zikatokea alama za glavu tu. Na kliniki nzima inavaa glavu.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," alimwambia Daktari.

Daktari akashusha pumzi. Bandeji hizo hazina waya wala hazichomekwi popote. Ndani zina kipande chembamba cha madini ya magnesi. Ukiilowesha, bandeji inazalisha umeme wake yenyewe, mdogo usioweza kumuumiza hata mbu, na umeme huo huamsha kidonda kilichogoma kufunga. Wagonjwa arobaini walikuwa kwenye majaribio. Nusu walifungwa bandeji zenye umeme, nusu walifungwa za sura ileile zisizo na kitu ndani, zile walizoziita bubu. Kila mgonjwa alikuwa na namba, na pakiti yake namba hiyohiyo.

"Nani anajua zipi ni bubu?"

"Mimi peke yangu. Wengine wakijua, wataona wanachotaka kuona."

"Zilizoibwa ni za namba gani?"

"Mbili mbili. Pakiti ya nne, ya tisa, ya kumi na saba na ya thelathini na moja." Akafungua bahasha yake ya siri, akasoma. "Zote zina umeme."

"Basi mwizi anaijua siri yako."

"Kwa hiyo si mimi," muuguzi alisema. "Ningejua, ningeshamfunga ishirini na tatu." Akamtazama Daktari. "Yule mama alifungwa bubu?"

Daktari alirudisha karatasi kwenye bahasha. Jibu likawa hilo.

"Zilizotumika zinakwenda wapi?" Inspekta aliuliza.

Zilikuwa zinakwenda nyuma, kwenye banda la tanuri. Mchoma taka, ambaye hospitali nzima humwita Majivu, alilitunza banda lile likawa safi kuliko wodi. Mifuko ya njano ilipangwa kwa siku, maana tanuri liliwashwa mara mbili tu kwa wiki.

Inspekta alivaa glavu, akamwaga mfuko wa leo kwenye sinia. Bandeji zilikuwa zimelowa, zote sawa. Akamwaga wa Jumatatu. Hizo zilikuwa zimekauka. Nyingine safi, nyingine zimeota weupe kama chumvi kwenye shati la mtu aliyefanya kazi juani.

Akainama kusoma namba. Kumi na mbili, safi. Nne, nyeupe. Thelathini na moja, nyeupe.

"Sista, uliwahi kuuona huu weupe?"

"Sijawahi. Mimi nazitoa mguuni zikiwa mbichi."

"Huku ndiko zinakokaukia, na zenye umeme tu ndizo zinazoota weupe." Inspekta aliendelea. Tisa, nyeupe. Tisa tena. Na tisa nyingine. "Mgonjwa wa tisa unambadilisha mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja."

"Ana vidonda vingapi?"

"Kimoja, kisiginoni."

Inspekta akanyanyuka, akamgeukia Majivu. "Mbili hizi zilitoka nje, ukazirudisha uje uzichome. Kwa nini hukuzitupa jalalani ukapona?"

"Taka za kidonda, jalalani?" Majivu alikunja uso. "Watoto wanachezea pale, afande. Mimi si mtu wa hivyo."

"Mwizi mwenye usafi."

"Andika mwizi. Usiandike mchafu."

"Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa."

"Liandikwe." Alivua glavu zake, moja baada ya nyingine. "Namba ishirini na tatu ni dada yangu. Ndiye aliyenilea. Kidonda anacho mwaka wa nne. Miezi mitatu nimechoma bandeji zake, hakuna hata moja iliyotoa weupe. Za wenzake zinatoa, na vidonda vyao vinafunga. Dada kila wiki anashukuru kwa kufungwa kitambaa kitupu. Halafu wakamtoa kwenye majaribio, wakampangia msumeno. Nikachukua. Kesho ningechukua tena."

"Ungemwambia Daktari."

"Nimwambie nini? Kwamba mchoma taka amesoma bahasha yake?"

Gari la polisi liliwachukua wote hadi chumba cha dada mtu. Alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda.

"Uliniambia umepewa," alimwambia ndugu yake.

"Nilikudanganya, dada."

"Tutaongea."

Muuguzi alifunua bandeji upande mmoja, akapima, akapima tena. "Wiki mbili zilizopita kilikuwa sentimita nane. Leo tano, na nyama ni nyekundu. Mguu huu haukatwi."

Juu ya meza zilibaki bandeji mbili. Daktari alizichukua, kisha akatoa koleo la kuvulia bandeji. "Na hiyo ya mguuni. Aliyepangiwa bubu akifungwa zenye umeme, hakuna tena kulinganisha, na nani ataamini kwamba zinaponya? Maelfu wanasubiri."

Inspekta alijua mtu huyu hasemi uongo. Alijua pia kwamba Ijumaa ni keshokutwa.

"Usiguse kidhibiti cha polisi," alisema.

"Hii ni mali ya hospitali."

"Sasa ni ushahidi, pamoja na mguu ulioivaa. Haukatwi mpaka mahakama iuone. Hizo mbili mpe Sista. Hiyo ikichakaa, atafunga nyingine palepale, nami nitaweka sahihi."

"Hakuna sheria ya namna hiyo."

"Nishitaki. Kituo changu unakijua."

Daktari alisimama na koleo lake mkononi. Halafu akazikabidhi bandeji kwa muuguzi bila kumtazama mtu.

Inspekta aliandika kadi ya kidhibiti, Sajini akashuhudia. Akapiga goti, akaifunga kadi kwenye kifundo cha mguu wa yule mama kwa mafundo mawili, akayakaza. Kisha akainuka na kutoa pingu.

"Mikono," alimwambia Majivu.

Majivu akainyoosha yote miwili.