Namba Ndani ya Mkono wa Kochi

Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, saa saba mchana, nilirudi kutoka kununua misumari nikakuta dirisha la chumbani limeng'olewa. Kompyuta ya marehemu mke wangu haipo. Humo, akiwa mgonjwa, alikuwa amemrekodia binti yetu masomo ya hesabu kwa sauti yake mwenyewe. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Binti yetu ana miaka kumi na miwili. Aliporudi kutoka shuleni akaona meza tupu, hakulia.

"Baba, tuwapigie walioitengeneza. Mwalimu anasema ikiwashwa tu kwenye intaneti, wanajua iko wapi."

Tukapiga. Tukachezewa muziki mpaka salio likaisha. Kesho yake akapokea kijana mwenye sauti laini.

"Nisomee namba iliyo chini ya kompyuta, mzee."

"Mwanangu, kompyuta imeibwa. Nigeuze nini, meza?"

"Basi tazama kwenye boksi lake."

Nikamgeukia binti yangu, nikafoka, "Boksi umelitupa wapi?"

"Sijalitupa, baba. Ulilikata wewe, ukalipigilia kwenye kochi la Mama Mkunga."

Mimi ni fundi makochi. Sisi boksi gumu hatulitupi. Linakaa ndani ya mkono wa kochi kabla ya sponji. Nikaona aibu. "Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

Jirani yetu mkunga alishika kiuno. "Fundi! Kochi lina miezi mitatu tu, ushakuja kulipasua?" Lakini aliniachia. Nikafumua mshono, na namba ikatoka nzima.

Tukapiga tena.

"Asante. Kwenye kumbukumbu zetu, risiti ina jina la mwanamke. Aongee mwenyewe."

"Ni mke wangu. Amefariki."

"Pole sana, mzee. Basi atutumie barua pepe."

Binti yangu alinishika mkono nisiitupe simu ukutani. Tukaenda polisi, wakasema kampuni iandike barua kwanza. Kampuni ikasema polisi waandike kwanza. Ndivyo walivyo wenye vyeo: wanakurusha huku na huku kama mpira, saa ya kutoka ikifika wanafunga ofisi.

Binti yangu ndiye aliyechoka kungoja. Aliandika namba ile, pamoja na ya simu yangu, kwenye vikaratasi ishirini, akavisambaza kwa mafundi wa kompyuta, duka kwa duka. Siku ya tisa fundi mmoja, mwanamke, akapiga simu.

"Kuna mtu kaniletea, anataka nifute kila kitu. Nimeigeuza, nimekuta namba ya kikaratasi chenu. Nimemwambia arudi kesho asubuhi."

Tulienda na askari. Mwizi alikamatwa pale pale kaunta. Masomo yote yalikuwemo.

Njiani nikamwambia binti yangu, "Nimelaumu dunia nzima, na boksi nililikata mimi. Ukinunua kitu, andika namba yake siku ileile. Na ukikosea, sema umekosea, kazi iendelee. Tena mkumbuke yule fundi: angeweza kula pesa ya mwizi akanyamaza."

"Sawa, baba," akasema. "Lakini yeye alikuwa na kikaratasi tu, akatusaidia. Wale wa kampuni walikuwa na namba ileile na mitambo yao yote. Walipokataa kutuambia, walikuwa wanamlinda nani?"

Tuliwaandikia kampuni swali hilohilo, neno kwa neno. Huu ni mwezi wa sita, hawajajibu, na bado tunauliza: walikuwa wanamlinda nani?