Dodo Aliponyamaza

Kila siku baada ya masomo, kabla hata ya kuvua sare, Kanku alimbeba mdogo wake Dodo mgongoni na kwenda naye bombani kuteka maji. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa nyumbani kwao, katika komini ya Kasuku, sehemu ya mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo. Ilikuwa kazi ya watu wawili: yeye kuteka, Dodo kuongea. Dodo alikuwa na miaka mitatu, na mdomo wake haukujua likizo. Aliongea na kuku, aliongea na ndoo, aliongea na waendesha pikipiki waliopita mbio bila hata kumwona.

Tena aliongea lugha mbili. Mama yao, Mama Philomène, alitoka Kasai, na tangu Dodo azaliwe alisema naye Chiluba tu. Baba yao, Papa Ilunga, fundi wa reli aliyezaliwa hapo hapo Kindu, alisema naye Kiswahili tu. Ndivyo walivyokubaliana, na ndivyo walivyomlea Kanku pia. Kwa Dodo hilo halikuwa jambo la ajabu. Alijua kwamba chakula cha mama huombwa kwa maneno ya mama, na kubebwa begani huombwa kwa maneno ya baba.

Kwa Kanku, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili, mambo yalianza kubadilika. Siku moja bombani, Dodo aliona mbuzi amepanda juu ya ukuta, akapiga kelele kwa Chiluba: "Tangila mbuji!" Yaani, tazama mbuzi. Wasichana waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Douce, rafiki yake Kanku wa darasani.

"Tangila mbuji, tangila mbuji!" Douce alimwigiza. "Kanku, kumbe kwenu munasemaka luga ya wageni? Mimi nilifikiri uko mutu wa hapa!"

Kanku alicheka pamoja nao, lakini moyoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijaza ndoo yake haraka haraka, akajitwika, akamshika Dodo mkono na kuondoka bila kuaga.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya kituo kidogo cha polisi, karibu na reli. Mlangoni alisimama Sajini Ngandu, mtu mrefu, mpana, mwenye masharubu na buti kubwa. Kanku alipomwona, alikumbuka kisa ambacho baba yake aliwahi kuwasimulia. Wakati wa vita, mji ulipozungukwa na watu wenye bunduki, babu yao, aliyehamia Kindu kutoka Kasai, aliwakataza watoto wake kusema Chiluba nje ya nyumba. Kwenye vizuizi vya barabarani, yeyote aliyesikika kama mgeni alishukiwa. Kanku hakukumbuka kisa chote. Alichukua kipande kilichomfaa tu.

Aliitua ndoo, akachuchumaa mbele ya mdogo wake. "Dodo, unaona ule polisi? Mutoto mwenye kusema Chiluba, yeye anamukamata. Anasikiaka fasi yote."

Dodo alimtazama yule polisi, kisha akamtazama dada yake, aliyezoea kumwita yaya. "Hata ku nyumba, yaya?"

"Hata ku nyumba," Kanku alijibu bila kufikiri, maana akili yake ilikuwa bado kwa Douce.

Dawa ilifanya kazi, tena kupita kiasi. Jioni ile Mama Philomène alimwita Dodo kwa Chiluba aje kula. Dodo alikuja, akakaa, akanyamaza. Alipotaka mboga, alinyoosha kidole. Kesho yake ilikuwa vilevile. Kanku alidhani mtoto ataacha Chiluba na kubaki na Kiswahili, kama mtu anayevua shati na kubaki na suruali. Lakini mtoto wa miaka mitatu hajui mpaka kati ya lugha na lugha. Dodo hakuwa na uhakika neno lipi ni la hatari na lipi ni salama, kwa hiyo akayaacha yote.

Wiki ilipita, ikaja nyingine. Nyumba ile iliyozoea makelele ikawa kama nyumba ya msiba. Mama Philomène alimwimbia, alimbembeleza, alimpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese aliyoipenda. Hakuna kitu. Papa Ilunga alipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto kuona kama atashtuka. Usiku Kanku aliwasikia wazazi wake wakinong'ona. Mara nyingi alifungua mdomo ili aseme ukweli, kisha akajiambia: labda kesho atasema mwenyewe.

Jirani yao, Mama Nathalie, ambaye alikuwa na jibu la kila swali hata lile ambalo hakuulizwa, alikuja na lake. "Philomène, ni weye njo unaharibu mutoto. Luga mbili mu kichwa kidogo vile! Inamufunga ulimi. Acha ile Chiluba, utaona."

Papa Ilunga alisikia maneno hayo, akainamisha kichwa. "Mama Kanku, labda anasema kweli," alisema baadaye. "Tuiache kwanza."

"Tuiache?" Mama Philomène aliuliza. "Sasa mimi nitamubembeleza na maneno ya nani?"

Kanku alikuwa anaosha vyombo. Sahani ilimponyoka mkononi, ikaanguka. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

Kabla ya kukata shauri, walimpeleka Dodo kwenye kituo cha afya. Kanku alikwenda nao. Muuguzi, Mama Malaika, alimulika masikio ya Dodo kwa taa ndogo, akamtazama koo, kisha akatikisa funguo nyuma yake, upande wa kulia na wa kushoto. Kila mara Dodo aligeuka.

"Masikio njo mazuri, na ulimi pia," alisema muuguzi. "Mbele ya kunyamaza, alikuwa anasema?"

"Sana!" mama alijibu. "Chiluba na Kiswahili. Jirani anasema luga mbili zilimuchanganya."

Mama Malaika alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Watoto wengi hapa wanakomaa na luga mbili, wengine tatu. Wanazichanganya kidogo, kisha wanazipanga wenyewe. Mutoto mwenye alikuwa anasema vizuri na ananyamaza gafla, kuna kitu. Aliumia? Aliogopa? Kuna mutu alimutisha?"

Baba na mama walitazamana. Hawakujua. Kisha muuguzi akamgeukia Kanku. "Na weye, yaya yake? Unajua kitu?"

"Hapana," Kanku alisema.

Neno lilitoka upesi, na mara tu lilipotoka alitamani kulirudisha. Muuguzi alimwangalia kidogo, kisha akaandika dawa ya minyoo, akawaambia warudi baadaye.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Sajini Ngandu alikuwa anavuka barabara. Aliwaona, akawapungia mkono kwa adabu. Dodo, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, alikakamaa. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akabana kwa nguvu mpaka macho yakamtoka machozi. Hakulia kwa sauti. Hata kilio alikiogopa.

Kanku aliyaona yote. Sasa hapakuwa tena na la kusubiri kesho.

"Papa, mama," alisema palepale barabarani, huku akilia. "Ni mimi. Ni mimi njo nilimutisha." Akaeleza yote: bomba, mbuzi, kicheko cha Douce, polisi, na lile neno "hata ku nyumba". Mama Philomène alimshusha Dodo mgongoni, akamkumbatia kifuani. Papa Ilunga alimgeukia Kanku. Kanku alisubiri kofi. Kofi halikuja.

Walipofika nyumbani, baba alimwita akae karibu naye.

"Ile kisa ya vita, sikuwaelezea mwisho yake," alianza. "Nilikuwa na miaka kama yako. Papa yangu alitukataza Chiluba juu ya kutulinda, na alikuwa na haki, wakati ule mutu aliweza kufa bure. Lakini vita iliisha, na sisi tulibaki kimya. Tulikuwa tumezoea. Miaka ilipita. Mama yangu alipogonjwa sana, Kiswahili ilimutoka yote. Alibaki na Chiluba tu. Alinishika mukono, akaniambia maneno mengi, na mimi mutoto yake nilisikia nusu. Ile nusu ingine, mpaka leo siijue." Alijifuta uso kwa kiganja. "Juu ya ile njo nilimuomba mama yako aseme na nyinyi Chiluba kila siku. Na wiki hii mimi mwenyewe nilitaka kumukataza. Kanku, ile vita iliisha mbele uzaliwe. Sababu gani unaipatia mutoto wa miaka tatu?"

Kanku aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka magotini.

"Weye njo ulimufunga mdomo," baba alisema. "Weye njo utamufungua. Kesho utaenda kuona Sajini Ngandu."

Ukitaka kujua woga, muulize mtoto anayekwenda kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe. Kanku alizunguka jengo lile kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Sajini Ngandu akatoka nje na kumuuliza anatafuta nini. Kanku akamweleza, macho yakiwa chini.

Sajini hakucheka. "Kumbe mimi niko wa kutishia watoto," alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia. "Na unajua mimi natoka wapi?"

"Hapana, papa."

Alitazama huku na huku, akainama, kisha akamwambia kwa Chiluba safi kwamba amezaliwa Kananga, na mama yake bado yuko huko. Kanku akainua macho kwa mshangao.

"Hapa ku kazi siisemake," aliongeza kwa Kiswahili. "Watu watasema napendelea wa kwetu. Ona sasa, mukubwa mwenye masharubu, na mimi pia naogopa."

Jumapili baada ya misa, kama walivyopatana, Sajini alikuja nyumbani kwao akiwa na sare na buti zake. Dodo alipomwona tu, alikimbilia nyuma ya mama yake na kujiziba mdomo. Sajini hakumsogelea. Alikaa mbali, karibu na mlango wa ua, akamsalimu Mama Philomène: "Moyo, mamu," ndiyo salamu ya Kasai. Wakaanza kuzungumza habari za kwao. Ndipo Kanku akafanya lililomleta mgeni. Alisimama katikati ya ua, mahali ambapo Dodo angemwona vizuri, akamwendea polisi na kumsimulia kwa Chiluba, kwa sauti ya juu, kila kitu alichofanya yeye asubuhi ile. Polisi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkamata. Alimpa mkono.

Kisha Kanku alipiga magoti mbele ya mdogo wake. "Dodo, nilikudanganya. Polisi hakamate watoto wenye kusema. Yaya alifanya mubaya. Unisamehe."

Dodo aliteremsha kiganja kimoja. Hakusema neno siku ile, wala kesho yake. Kanku alimbeba kila jioni kwenda bombani, na njiani alimsemesha Chiluba mfululizo, habari za miti, za mvua, za shule, bila kujibiwa. Watu waligeuka kumtazama. Aliona aibu, ndiyo, lakini woga wa kumpoteza Dodo ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Siku moja jioni, foleni bombani ikiwa ndefu na Mama Philomène akiwa amekuja kuwasaidia, Sajini Ngandu alipita upande wa pili wa barabara pamoja na polisi wenzake. Alisita kidogo. Kisha akainua mkono na kuita mbele ya watu wote: "Moyo, Dodo!"

Dodo alimtazama Kanku. Kanku alimtikisia kichwa.

"Moyo, tatu!" Dodo alijibu, yaani "salamu, baba", kwa sauti iliyojaa barabara nzima. Na kana kwamba alikuwa ameweka maneno ya wiki zote hizo akibani, alianza kumwaga: Chiluba kwa mama, Kiswahili kwa Kanku, na zote mbili kwa ndoo. Mama Philomène alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Alimvuta Kanku karibu naye. "Sikia, binti yangu," alisema. "Luga ya mutu haimugonjeshe mutoto. Uongo njo ulimugonjesha, na kuficha uongo kulimuongezea siku za kuteseka. Ungesema siku ya kwanza, angepona siku ile ile. Ukikosea tena, na utakosea, kimbia uje uniambie. Hata kama unaogopa."

"Ndiyo, mamu," Kanku alijibu, kwa Chiluba.

Douce, aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, alikuwa amesahau kusogeza ndoo yake. "Kanku," aliuliza, safari hii bila kuigiza, "ile njo luga gani?"

Kanku alimpandisha Dodo mgongoni, akamgeukia.

"Luga ya mama yangu," alisema. "Na ni yangu pia."