Ushuhuda wa Kuazima

Siku Nthiwa alipomwona Jamleck kwa mara ya kwanza, Jamleck alikuwa amelala fofofo kanisani, mdomo wazi.

Mgeni wa Nairobi atashangaa. Lakini saa saba mchana, katikati ya jiji, kuna kumbi za ghorofani ambako watu hupanda ngazi kwenda kuabudu badala ya kula, na si wote wanaopanda wana njaa ya Neno. Wengine wanataka kiti tu. Jamleck alikuwa fundi wa kukata vioo vya miwani katika duka moja nyuma ya Moi Avenue, kazi ya kusimama tangu asubuhi. Kiti cha plastiki chini ya feni, tena cha bure, kwake kilikuwa mbinguni tosha.

Nthiwa alikuwa mhudumu wa ibada: sketi nyeusi, blauzi ya rangi ya maziwa, skafu ya zambarau shingoni, kikapu cha sadaka mkononi. Akamgusa bega.

"Kaka, hapa si lojing'i."

Jamleck akafumbua macho, akauona ule uso, akasahau yuko wapi. "Samahani, dada. Nilikuwa naomba."

"Ukikoroma?"

"Nilikuwa nanena kwa lugha."

Nthiwa alijikaza asicheke, akashindwa.

Kesho yake Jamleck alirudi na shati lililopigwa pasi, akakaa macho kutoka wimbo wa kwanza hadi baraka. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Akajua kwamba Nthiwa ni karani kwa mawakili, na kwamba anaishi Mutuini na baba yake mjane, Mzee Kitavi. Jumamosi wakawa wanakutana Adams Arcade, chipsi sahani moja uma mbili. Jamleck alimwita Nthiwa Dada Mhudumu. Nthiwa alimwita Msinziaji. Simu za jioni zikawa ndefu mpaka betri zikalalamika. Walipendana, sitaki kuzunguka.

Jumamosi moja Jamleck akasema anataka kuoa. Nthiwa akaweka uma chini. Alikuwa amevaa gauni la maua mekundu, na siku hiyo hakutania hata kidogo. Alimwambia kwamba ataolewa na mtu anayeweza kupiga magoti pamoja naye, wala hamaanishi mtu anayefumba macho kwa sababu yeye amefumba yake.

Jamleck, maskini, alisikia nusu. Alisikia: kabatizwe.

Akakimbia mbio. Katika wiki sita alikuwa ameinua mkono na kuokoka, amemaliza darasa la ubatizo la Mchungaji Kiarie katika kanisa la kina Nthiwa kule Mutuini, na jina lake likaandikwa. Hata siku ya kuanza kutangaza ndoa ilikuwa imepangwa, Jumapili baada ya ubatizo. Kilichobaki kilikuwa ushuhuda. Katika kanisa lile, kila anayetaka kubatizwa husimama mbele ya washirika na kueleza ametolewa wapi.

Hapo ndipo Jamleck alipokwama. Alichunguza maisha yake yote, hakupata kitu. Hakuwahi kulewa, hakuwahi kupigana, hakuwahi kuiba hata muwa. Aliogopa kwamba mtu asiye na dhambi ya kusimulia ataonekana hajaokoka. Sasa, jirani yake wa kazini, kinyozi Muasya, alikuwa mlevi aliyeacha pombe, na hadithi yake aliisimulia kwa kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake. Jamleck aliichukua nzima nzima, mtaro na polisi na viatu vilivyopotea.

Siku ya ushuhuda aliitoa vizuri mno. Kina mama walipiga vigelegele. Halafu Mzee Kitavi, mtu wa maneno machache, akainuka na fimbo yake, akaja mbele, akamshika Jamleck kwa mikono miwili. Akaeleza, sauti ikimkatika, kwamba alikuwa na ndugu, Kaindi, aliyekutwa amekufa mtaroni kwa sababu ya pombe. Hata Nthiwa hakuwa amewahi kuambiwa.

"Wewe umetolewa, mwanangu," alisema mzee. "Kaindi hakutolewa."

Jamleck akaitikia amina pamoja na washirika.

Siku mbili baadaye Nthiwa alimpigia simu shangazi Wahu wa Kangemi, aliyemlea Jamleck, ampe pole kwa miaka ya kuvumilia mlevi nyumbani. Wahu alicheka mpaka akakohoa. Alisema Jamleck akipewa dawa ya kikohozi hulala siku mbili, sasa hiyo pombe angeiwezea wapi?

Nthiwa hakucheka. Alipiga simu dukani.

"Jamleck, ulikuwa ukinywa pombe gani?"

"Nthiwa, mpenzi..."

"Nitajie jina tu."

Mashine ya vioo ilisikika ikizunguka. "Sijawahi kunywa. Nilifanya vile kwa ajili yako."

"Hapo ndipo umeniua kabisa. Baba amemzika ndugu yake mara ya pili kwa sababu ya uongo wako. Na kama unaweza kusimama ukamdanganya Mungu ndio unipate, ukishanipata mimi ni nani usinidanganye?"

Akakata.

Nthiwa hakumtazamia Jamleck siku ya ubatizo. Alikuja. Kanzu nyeupe waliyompa ilimwishia magotini, na watoto walikuwa wameanza kucheka alipoitwa jina. Alienda mbele, akaivua, akaikunja vizuri kama shati la dukani.

"Mimi si mlevi, na sijawahi kuwa," alisema. "Ule ushuhuda niliuazima ili nioe. Mzee Kitavi, nimekukosea. Mchungaji, futa jina langu. Sijui kama naamini, na sitaki kuingia majini kwa sababu ya msichana."

Mzee Kitavi alishika fimbo yake, akatoka nje bila kumtazama. Nthiwa alikaza macho sakafuni hadi mlango ulipofungwa nyuma ya Jamleck. Jumapili iliyofuata hakuna ndoa iliyotangazwa.

Ikapita miezi minane. Jamleck hakuonekana tena kwenye ibada ya mchana, na Nthiwa, ingawa asingekubali ukimuuliza, kila akipita na kikapu aliangalia kile kiti chini ya feni. Simu haikulia. Alijiambia kwamba sasa ukweli umejulikana: mtu huyu alikuja kwa ajili yangu tu, angekuwa na Mungu kweli angeendelea kuja. Hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe. Bado alimpenda, na alijichukia kwa kumpenda.

Ndipo taulo la kijani likapotea nyumbani. Nthiwa alikuwa amemnunulia baba yake na kulishonea herufi K ya Kitavi pembeni. Alipouliza, baba yake alisema litaonekana, akaendelea kumpa ng'ombe majani.

Wiki tatu baadaye, Jumapili asubuhi, Mzee Kitavi alivaa koti lake zuri akamwomba amsindikize Kangemi, kwenye kanisa moja la mabati nyuma ya soko. Walikuta ubatizo unaendelea, katika tangi jeusi la plastiki lililokatwa nusu. Kanisa hilo lina desturi yake: aliyebatizwa mara ya mwisho ndiye humshikia taulo anayefuata. Mama mmoja akaibuka majini akitetemeka, na mwanamume mwenye shati lililokunjwa mikono akamfunika mabega.

Taulo lilikuwa la kijani. Na aliyelishika alikuwa Jamleck.

Nthiwa akamgeukia baba yake. Mzee akamweleza kwa sauti ya chini. Mwezi mmoja baada ya ile aibu, Jamleck alifika Mutuini Nthiwa akiwa kazini, akaomba msamaha, akapewa. Tangu hapo alikuwa akija mara kwa mara na maswali, mengine magumu mpaka mzee akampeleka kwa rafiki yake mchungaji wa hapa. Wiki tatu zilizopita alibatizwa hapa, na mzee akamletea lile taulo. Jamleck aliomba jambo moja tu, Nthiwa asiambiwe.

"Na ushuhuda?" Nthiwa aliuliza. "Mara hii alisema ametolewa wapi?"

"Haukuwa mrefu. Alisema, 'Nilimdanganya mzee mmoja kanisani, akanisamehe. Hapo ndipo nilipoanza kuamini.' Akakaa."

Nthiwa alilia, tena bila kujificha. Jamleck alipomwona alikuja, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Dada Mhudumu."

"Miezi minane, Jamleck. Hata simu?"

"Ningekupigia, ningekuwa nakuja hapa kwa ajili yako tena. Nilitaka kujua kama nitakuja hata usiponitaka."

"Ukajua?"

"Nikajua. Kwa hivyo sasa naweza kukuuliza bila kubabaika. Nthiwa, utaolewa na mimi?"

Nthiwa alimnyang'anya lile taulo, akaanza kumkausha mikono, kidole kwa kidole.

"Mchungaji Kiarie hatangazi ndoa ya mshirika wa kanisa lingine bila barua," alisema. "Mwambie mchungaji wako aandike."

"Ameshaandika. Babako ndiye anaitembeza mfukoni. Alisema tungoje mpaka uiulizie."

Nthiwa akageuka. Mzee Kitavi alikuwa anatazama paa la mabati kwa makini sana, mkono mmoja ndani ya koti.

"Baba," alisema Nthiwa, "leta hiyo barua."