Kompyuta Iliyobadilisha Majina

Kila likizo ya Aprili, Chandni alikuwa mtu wa dukani. Asubuhi alifagia mbele ya mlango, akapanga kalamu na bahasha kwenye rafu, kisha akaketi nyuma ya kaunta pamoja na baba yake, Jaswant. Duka lao lilikuwa katikati ya mji wa Kisii, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa: kadi za harusi, mitihani ya shule na, zaidi ya yote, programu za mazishi, yaani karatasi zenye ratiba na majina ya familia ya marehemu. Chandni alikuwa darasa la sita tu, lakini alipiga chapa upesi kuliko baba yake, na hakuchoka kumkumbusha hilo.

"Papa, vidole vyako vinatafuta herufi kama kuku anayetafuta punje," alizoea kumtania.

Mwaka wa 1998 radi iliwatia hasara. Watu wa Kisii wanaijua mvua yao ya alasiri, haiji kimyakimya. Radi ilipiga nguzo ya stima nyuma ya duka, kompyuta yao kubwa ya mezani ikafuka moshi, na huo ukawa mwisho wake. Ndipo Dev, mdogo wake Jaswant aliyeishi Nairobi, alipowaletea kompyuta ya kupakata. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, inafunguka kama kitabu. Na bei yake, lo! Jaswant hakuitaja hata kwa mkewe.

"Hii ni ya wakubwa," Dev alijigamba. "Mawakili na wakurugenzi ndio wanaotembea nayo. Stima zikipotea, yenyewe inaendelea kwa betri."

"Ni nzuri, naona," Jaswant akasema. "Lakini mimi si mkurugenzi. Mimi nachapa kutwa nzima, maandishi na picha. Kazi kama yangu itaiweza?"

"Itaiweza sana! Hata makosa ya Kiingereza inasahihisha yenyewe."

Jaswant alikuna kidevu. Chandni yeye hakuwa na shaka yoyote. Kitu cha bei ile kingeshindwa na nini?

Alhamisi moja mchana aliingia Mwalimu Persis kutoka Nyaramba. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Baba yake, Mzee Josiah Nyamongo, angezikwa kesho yake. Aliweka juu ya kaunta picha ya marehemu na karatasi alizoandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kama wengi walivyopenda siku hizo.

"Bwana Jaswant, nakuomba jambo moja," alisema. "Majina ya watoto na wajukuu yasikosewe. Kwetu, mtoto asipotajwa kwenye mazishi ya babake, watu wanaanza kuuliza kama kweli alikuwa wake."

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Tutayasoma moja moja."

Chandni alipiga chapa kurasa zote bila shida. Taabu ilianza walipoingiza picha ya mzee. Kompyuta ilianza kunguruma, mshale ukaganda katikati ya kioo, na tumbo la mashine likawa moto. Jaswant alichukua kipande cha katoni akawa anaipepea.

"Ile ya zamani ilikuwa jitu, lakini ilibeba picha bila kunung'unika," alilalamika. "Hii ya wakubwa inataka kubembelezwa."

Picha ilipokubali kukaa, mawingu yalikuwa tayari yametanda. Mvua ilimwagika, stima zikapotea. Kompyuta haikuzima, kweli, lakini alama ya betri ilikuwa inashuka upesi. Maji yakaanza kudondoka kwenye stoo ya karatasi.

"Nakwenda kufunika karatasi!" Jaswant akapaza sauti. "Wewe soma majina, jina kwa jina, ukilinganisha na karatasi za mwalimu. Usiharakishe!"

Chandni alitazama kioo. Chini ya kila jina palikuwa na mstari mwekundu, na mashine ilikuwa inauliza kama ibadilishe. Alitazama karatasi za mwalimu. Zilikuwa nyingi, na mwandiko umebanana. Aliona uvivu, huo ndio ukweli. Akajiambia kwamba mashine ya wakurugenzi haiwezi kukosea. Akabonyeza ibadilishe, akabonyeza tena na tena, bila hata kuangalia ilichokuwa inaandika. Mistari myekundu ikaisha yote na ukurasa ukapendeza.

"Umesoma?" baba yake aliuliza aliporudi, shati limelowa.

"Nimesoma, Papa."

Jioni stima zilirudi wakachapa na kutoa nakala. Mwalimu Persis alifika mvua ikinyesha, gari likimngoja nje. Jaswant alimkabidhi bunda kwa mikono miwili.

"Tumesoma kila jina, mwalimu," alisema.

"Mungu awabariki," Persis akajibu. Alilitia bunda ndani ya mfuko bila kulifungua, akatoka mbio.

Asubuhi ya Ijumaa, Chandni alipokuwa anafagia, aliokota nakala moja iliyosalia chini ya meza. Aliisoma kwa kupitisha wakati. Mara ufagio ukamponyoka. Mose, kifungua mimba wa marehemu, alikuwa ameandikwa Mouse, yaani panya! Moraa amekuwa Moral. Kerubo amekuwa Cherub, malaika mdogo. Mashine haikuwajua watu hawa, basi ikawapa majina iliyoyajua yenyewe.

Chandni afanye nini? Nyaramba ni mbali, na boma la Mzee Nyamongo halikuwa na simu. Programu zilikuwa zimekwenda na hakuna mkono wa kuzirudisha. Alifikiria kuichana nakala ile anyamaze. Lakini kunyamaza kungemfanya Mose kuwa nani? Alimpelekea baba yake karatasi.

Jaswant alisoma mstari kwa mstari. Hakugombeza, na hilo ndilo lililomtisha Chandni zaidi.

"Uliniambia umesoma," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikudanganya, Papa. Niliiachia mashine."

Walikimbilia kompyuta. Betri ilikuwa imekwisha, na stima zilikuwa zimepotea tena tangu alfajiri. Mashine ya fotokopi nayo ilikuwa imezimika. Vitu vyote vya bei kubwa vilikaa pale mezani, havina msaada wowote. Jaswant alivitazama kwa muda, kisha akachukua boksi la kalamu.

"Ingia kwenye pikapu," alisema.

Barabara ilikuwa tope tupu. Gari lilikwama mara kadhaa, wakasukumwa na watu waliokuwa wakienda sokoni. Chandni aliketi akiuma midomo, asiweze kufanya lolote ila kuomba programu ziwe hazijagawanywa.

Zilikuwa zimegawanywa. Walipofika, waombolezaji walikuwa wamejaa uani na kila mmoja ameshika karatasi. Vijana fulani nyuma ya hema walikuwa wananong'onezana na kucheka. Mose, mtu mzima mwenye mvi, alisimama karibu na jeneza la baba yake, karatasi ameikunja hadi ikawa kitonge mkononi. Chandni alitamani ardhi immeze.

Mwalimu Persis aliwajia. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Mwalimu, jana nilikwambia tumesoma," Jaswant akasema. "Hatukusoma. Niwie radhi."

"Ni mimi, mwalimu!" Chandni akadakia, machozi yakimtoka. "Papa aliniuliza, nikamdanganya. Niliona uvivu."

Persis alimtupia jicho mchungaji, kisha akamgeukia Chandni. "Nina hasira, mtoto wangu, siwezi kukuficha," alisema. "Lakini mchungaji hajaanza. Mna kalamu?"

Karatasi zilikusanywa. Chandni na baba yake waliketi kwenye benchi mbele ya watu wote, na watoto wa Mzee Nyamongo wakaja mmoja mmoja kutaja majina yao. Persis alisimama kando akikagua kila herufi. Wa kwanza alikuwa Mose mwenyewe. Chandni hakuweza kumtazama usoni.

"Nisamehe, tata," alisema, akitumia neno ambalo watoto wa Kisii huwaitia baba zao.

"Andika vizuri," Mose akamwambia polepole. "Leo ndiyo siku yangu ya mwisho kutajwa mbele ya baba yangu."

Chandni aliliandika jina hilo, kisha akaliandika tena katika kila nakala, mpaka vidole vikamuuma. Nakala nyingine hawakuzipata. Watoto wadogo wa jirani walikuwa wamekwenda nazo nyumbani kuwaonyesha wenzao, na hakuna aliyejua zimefika wapi. Hata hivyo, mchungaji alisoma kutoka karatasi iliyosahihishwa. Kila mtoto wa marehemu alisimama alipoitwa, na hakuna aliyecheka.

Wakati wa kurudi, pikapu ilipita kwenye tope lile lile, Chandni akiwa amepakata boksi la kalamu.

"Papa, utamrudishia baba mdogo Dev kompyuta yake?" Chandni aliuliza.

"Hapana. Picha zinaisumbua na betri yake haina subira, lakini kwa maandishi inatosha. Nikiipa muda, kazi itakwenda." Jaswant alipunguza mwendo akamgeukia. "Mashine ingekuwa na nguvu mara kumi ya hii, bado isingemjua Mose. Kumjua Mose ilikuwa kazi yetu sisi. Na hilo nalo si kubwa, Chandni, kosa la jina tumelifuta kwa kalamu. Lakini uliponiambia 'nimesoma', mimi nililichukua neno lako nikampa mama aliyefiwa, nikamwambia 'tumesoma'. Uongo wako aliusikia kinywani mwangu."

Chandni alilia kwa sauti sasa. Baba yake alimngoja anyamaze.

"Siku nyingine, kama hujafanya, niambie hujafanya," alisema. "Nitakasirika, ndiyo. Halafu nitavuta kiti, tuifanye kazi pamoja."