Sauti ya Fundi wa Miavuli

Kila asubuhi, kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia, wanafunzi wa darasa la saba walishika mifagio na matambara wakafanya usafi. Zamu ya Pei-Rong ilikuwa korido ya ghorofa ya pili. Kwa kawaida alifagia huku akiimba. Wiki ile hakuimba, maana Shao-Wei alikuwa amepangiwa kupiga deki nyuma yake, na Shao-Wei alikuwa na mdomo.

“Haya, fundi,” alisema huku akiburuta ndoo. “Video imefika wapi? Au hiyo programu yako ya bure bado inawaza?”

“Inaendelea.”

“Inaendelea! Kila nikikuuliza, inaendelea. Wenzetu wameshaweka maandishi yanayowaka moto. Sisi tuna nini? Babu yangu amekaa kwenye kigoda kama picha ya kitambulisho. Kitu cha bure, kazi ya bure!”

Wavulana waliokuwa wakifuta madirisha walicheka. Pei-Rong aliinamia ufagio wake, masikio yakimwaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono mbele ya darasa zima na kusema anajua kuhariri video. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukata hata kipande kimoja maishani mwake.

Kikundi chao kilikuwa na watu watatu: Pei-Rong, Shao-Wei, na msichana mpole aliyeitwa Yi-Ching. Kwa ajili ya tamasha la shule walimrekodi Mzee Liu, babu yake Shao-Wei, ambaye alitengeneza miavuli ya karatasi iliyopakwa mafuta tangu ujana wake. Mzee alizungumza mchana kutwa. Alieleza namna ya kupasua mianzi na kubandika karatasi, akatania, na hata akaimba. Baada ya hapo alilazwa hospitali na kupasuliwa koo. Alirudi nyumbani mzima, lakini hakuweza tena kutoa sauti.

Video ile ilikuwa ndani ya kompyuta ya maktaba. Kwenye simu waliyorekodia ilikuwa imeshafutwa ili kupata nafasi.

Mwalimu Ku, aliyewafundisha somo la kompyuta, alikuwa amewawekea programu ya kuhariri ambayo watengenezaji wake waliitoa kwa watu wote waitumie bila malipo. “Ina kila mnachohitaji,” aliwaambia. “Ila itataka subira.” Pei-Rong alipoifungua mara ya kwanza alikuta vitufe vimejaa huku na huku. Alibofya kimoja, sauti ikapotea. Akabofya kingine, picha ikalala kifudifudi. Badala ya kuuliza, aliifunga na kuichukia.

Siku ile ya maneno ya kwenye korido, baada ya masomo, alikaa peke yake maktabani akatafuta mtandaoni programu ya gharama waliyotumia wenzao wa vikundi vingine. Akapata tovuti iliyoitoa bure. Ilikuwa nakala ya wizi, iliyovunjwa kufuli lake, na maelezo yake yalisema: “Zima kwanza ulinzi wa kompyuta.”

Pei-Rong alisita. Mwalimu Ku alikuwa amewakataza kuweka chochote kwenye mashine za shule bila ruhusa. Kisha akakumbuka kile kicheko cha madirishani. Akazima ulinzi, akabofya.

Programu haikufunguka. Alisubiri, akabofya tena, akakata tamaa, akaenda zake nyumbani. Alipokuwa anatoka alipishana mlangoni na Yi-Ching, aliyekuja kuandika majina ya washiriki kwenye kompyuta ile ile.

Asubuhi kompyuta ya maktaba ilionyesha ukurasa mwekundu uliodai malipo. Kila faili lilikuwa limefungwa. Fundi aliyeitwa alijaribu alivyoweza, mwishowe akaisafisha mashine yote. Video ya Mzee Liu ikaenda na vingine vyote.

Habari zilifika darasani wakati wa chakula cha mchana. Shao-Wei aliacha bakuli lake la tambi, akaenda kusimama mbele ya dawati la Yi-Ching.

“Mtunza maktaba anasema wewe ndiye uliyetoka mwisho. Ulifanya nini?”

“Niliandika majina tu. Kompyuta ilikuwa nzito, nikaizima.”

“Nzito! Na wewe ukakaa kimya? Una akili kweli wewe?”

“Shao-Wei, sikujua…”

“Hukujua! Babu yangu hasemi tena, unaelewa? Ile ndiyo sauti yake! Umemnyamazisha mara ya pili!”

“Wee, Shao-Wei, basi,” mtu mmoja alisema kutoka nyuma, lakini hakuinuka. Yi-Ching aliangalia chakula chake bila kukigusa. Pei-Rong alishika vijiti vyake vya kulia mpaka vidole vikamuuma. Alijiambia angesema baada ya chakula. Baada ya chakula alijiambia angesema kesho.

Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi. Mtu alikuwa ameandika kwa chaki juu ya dawati la Yi-Ching: MHARIBIFU. Hakuna aliyetaka kufagia naye. Alipopita, wasichana walikumbatia mikoba yao na kusema, “Jamani, ficheni vitu, anakuja!” Yi-Ching alichukua tambara akafuta yale maandishi mwenyewe, polepole, macho yake makavu.

Mwalimu Ku aliingia akamwona. Akauliza kumetokea nini, na Shao-Wei akaeleza kwa sauti ya juu.

“Yi-Ching,” mwalimu alisema, “kabla hajaisafisha mashine, fundi alikuta mabaki ya programu ya wizi. Ni wewe uliyeiweka?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Muongo!” Shao-Wei alifoka.

“Ni mimi,” Pei-Rong alisema.

Hakuwa amesimama vizuri. Goti lilikuwa limenasa kwenye kiti. Darasa zima liligeuka.

“Ni mimi niliyeiweka. Nilizima na ulinzi. Yi-Ching hajui lolote. Na… na mimi sijui kuhariri. Nilisema uongo tangu mwanzo.”

Shao-Wei alimtazama kana kwamba hamjui. Kisha akapiga teke ndoo ya deki, maji yakatapakaa sakafuni. “Na jana ulikuwa umekaa hapo hapo! Ukaniacha nimtukane!”

Pei-Rong alimgeukia Yi-Ching. “Nisamehe. Niliogopa…”

“Usiniombe msamaha sasa,” Yi-Ching alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo likamchoma Pei-Rong kuliko kelele zote. “Umeniangalia nikifuta dawati. Umeniangalia tu. Sitaki kukusikia.”

Mwalimu Ku akampa Shao-Wei tambara akaushe maji aliyomwaga, na hakurudi mezani kwake mpaka sakafu ilipokauka.

“Sasa nijibuni,” alisema. “Kuna mtu yeyote aliyewahi kumtumia mwingine ile video? Ndugu? Rafiki?”

Yi-Ching akainua uso. “Mama yangu. Nilimtumia kwa simu siku ile ile tuliyorekodi. Lakini haionekani vizuri.”

“Na kwa nini hukusema?”

“Hakuna aliyeniuliza, Mwalimu. Walikuwa wananitukana.”

Mchana wa siku ile video ilifika. Ilikuwa imebanwa, yaani kupunguzwa ukubwa, na programu ya ujumbe mpaka ikabaki ndogo sana. Uso wa Mzee Liu ulikuwa kama umetengenezwa kwa vigae. Sauti, hata hivyo, ilikuwa salama. Ilikwaruza kidogo, lakini kila neno lilisikika.

“Mtahariri watatu wote,” Mwalimu Ku alisema. “Kwa ile programu ya bure. Pei-Rong atashika kipanya.”

“Mimi sikai naye,” Shao-Wei alisema.

“Utakaa naye. Huhitaji kumpenda.”

Zikafuata siku za kazi isiyo na tabasamu. Kwanza mwalimu alimfundisha Pei-Rong kuweka video halisi pembeni na kugusa nakala yake tu. Kisha akamwonyesha mstari wa muda, ule ukanda wa chini ambapo vipande hupangwa kwa mfuatano, na namna ya kutenganisha sauti na picha. Pei-Rong aliuliza kila asichojua, hata lile ambalo Shao-Wei alilicheka. Walikata kikohozi, wakakata honi ya pikipiki, wakapunguza mvumo wa feni.

Picha zilikataa. Hakuna kitufe kilichoweza kurudisha kilichokwisha kupotea.

“Tuziache,” Yi-Ching alisema siku moja, akiongea na skrini badala ya Pei-Rong. “Tutumie sauti yake tu. Juu yake tuweke picha mpya. Miavuli. Mikono yake.”

Shao-Wei alifikiri. “Mikono bado inafanya kazi,” alisema kwa shida.

Wakaenda karakanani. Mzee Liu, akiwa na kitambaa shingoni, alipasua mianzi na kuchora maua huku Shao-Wei akirekodi. Pei-Rong alimwinamia mzee na kumwambia yote aliyofanya. Mzee alimkazia macho muda mrefu. Kisha akamsukumia kigoda kwa mguu, na kumwonyesha kwa kidole ashike taa.

Video ilipokamilika, ilikuwa kubwa mno. Tovuti ya tamasha, walikotakiwa kuiweka, iliikataa. Kwa haraka Pei-Rong aliibana hadi mwisho kwa programu nyingine ndogo ya bure, na maua ya miavuli yakageuka miraba.

“Umeanza tena!” Shao-Wei alifoka.

“Halisi ipo,” Pei-Rong alisema. “Sijaigusa.”

Akarudia. Safari hii alishusha ukubwa wa picha ngazi moja, akabana kidogo, akatazama; akabana kidogo tena, akatazama. Mpaka likapatikana faili dogo la kutosha ambalo maua yake yalibaki maua.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Video yao haikuwa na moto wala nyota zinazozunguka. Ilikuwa mikono ya mzee, karatasi na mianzi, na juu yake sauti: “Mwavuli ukifunguka kwa kelele, fundi alikuwa na haraka.” Watu wakacheka. Kisha Mzee Liu wa kwenye video akaanza kuimba, na Mzee Liu aliyeketi mstari wa mbele akafungua mdomo wake pamoja naye, bila sauti, mpaka mwisho wa wimbo. Mkewe alimshika mkono. Shao-Wei akauficha uso wake ndani ya kola.

Hawakupata zawadi. Walipokuwa wakikunja viti, Shao-Wei alimpita Pei-Rong, akasita. “Bado nina hasira na wewe.”

“Najua.”

“Lakini nitakuja kuchukua nakala. Ya nyumbani.” Akamgeukia Yi-Ching, uso ukimwiva. “Na wewe… lile la dawati ni mimi niliyeandika. Nimekosa.”

Yi-Ching aliendelea kukunja viti kando yake.

Mwalimu Ku aliweka chini kiti alichobeba. “Nisikilizeni ninyi watatu. Asiyejua akisema hajui, anafundishwa, kazi inaanza siku ile ile. Akijifanya anajua, ataiba au ataharibu, halafu ataogopa, na akiogopa atamwacha mwingine abebe mzigo wake. Pei-Rong, haya yote yalianza ulipokataa kuuliza. Na wewe Shao-Wei, ulipotafuta wa kumlaumu, sauti ya babu yako ilikuwa kwenye simu ya mama wa yule uliyekuwa unamtukana. Ungeuliza kwa adabu, ungeipata siku ile ile.”

Yi-Ching alichukua ncha moja ya meza ndefu na kuangalia nani atashika ncha ya pili. Pei-Rong alisogea, akaishika. Wakainyanyua pamoja kuelekea mlangoni, na Yi-Ching akasema neno lake la kwanza kwake tangu siku ile:

“Taratibu. Kuna ngazi.”