Nidanganye Basi

Daktari wa wanyama alikutana na kinyozi kituoni, saa ile ambayo kila mtu anagombania basi. Mbwa mzee wa rangi ya kahawa alikuwa amejilaza mbele ya mlango wa basi, kagoma kuinuka, na kondakta anafoka. Daktari, na gauni lake jipya la kijani, akapiga magoti palepale na kumpapasa mbwa nyonga.

"Dada, huyo hang'ati," alisema kinyozi, mwenye mbwa. Shati lake jeupe lilinyooka kwa pasi, ungedhani anakwenda kuposa. "Ila mimi mwenyewe, sikuhakikishii."

"Ana maumivu ya nyonga," daktari alijibu kwa uso mkavu. Kucheka alicheka baadaye, alipokuwa peke yake.

Mapenzi yakakolea. Akitoka kazini daktari alipitia saluni kwa kinyozi, na Mzee, ndilo jina la mbwa, alimpisha kwenye benchi. Mchana simu haikosi.

"Daktari wangu, umekula?"

"Sijala."

"Si ungesema umekula, nisihangaike!"

"Mimi kudanganya sijui, mpenzi."

Kisha Mzee akaota uvimbe kwenye mfupa wa paja. Dawa zikasaidia, zikasaidia kidogo, zikaacha kusaidia. Akawa analia hata akiguswa mkia. Daktari hakuzunguka mbuyu.

"Tumpumzishe."

"Sema tumuue."

"Tumuue, basi. Kwa sindano, asisikie kitu."

Kinyozi aliweka kitana chini. Mbwa yule alikuwa wa mama yake, aliachiwa yeye. "Mama aliugua kitandani mwaka mzima. Mbona hakuna aliyemletea sindano?"

"Mama yako alikuwa na mdomo wa kusema yatosha au bado. Huyu atasemaje?"

"Kama hawezi kusema, nani kakupa wewe ruhusa ya kumsemea?"

Swali hilo daktari hujiuliza mwenyewe kila anapofungua mkoba wake wa dawa, na hajawahi kulimaliza.

"Nidanganye basi," kinyozi alisema taratibu. "Niambie atapona."

"Siwezi."

"Basi nenda."

Akaenda. Simu ikanyamaza. Daktari naye kiburi kikamzuia kupiga, akawa anaishika simu na kuirudisha mezani. "Wewe mkweli mpaka unakera," dada yake mkubwa alimwambia. "Ungemwambia ukweli huohuo umemshika mkono, ungepungukiwa nini?" Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya haki.

Jumamosi asubuhi simu ikaita. "Analia tangu alfajiri," kinyozi alisema. "Njoo na mkoba wako."

Alikuta saluni imefungwa kwa wateja, Mzee yuko juu ya blanketi la marehemu mama. Safari hii alianza kwa kumshika kinyozi mkono. Halafu akatoa wembe, anyoe mahali pa mshipa.

"Hapo niachie mimi."

Kinyozi alichukua mashine yake ya kunyolea. Akamnyoa Mzee mguu wa mbele, akapuliza nywele, akapangusa kwa kitambaa safi kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Sijui kama nina ruhusa," alisema. "Lakini nimemsemea."

Akamkumbatia kichwa. Daktari akachoma. Mzee akashusha pumzi ndefu, hakuvuta nyingine.

Daktari alilia waziwazi, machozi yakidondokea glavu.

"Kumbe nanyi madaktari mnalia?"

"Kila mara. Huwa najificha stoo."

Kinyozi akashika ufagio kwa mazoea, akafagia zile nywele, akashindwa kuzitupa. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilikuomba unidanganye ukakataa. Nimekukasirikia, Mungu anajua. Lakini ndani ya nyumba yangu namtaka mtu wa namna hiyo. Nikuoe?"

"Unaniposa mbele ya maiti?"

"Mbele ya shahidi."

Daktari alimtazama shati, limejikunja na kujaa manyoya. "Siku ya kituoni ulipiga pasi kwa ajili ya basi tu, leo unaposa hivi? Tumzike Mzee, ukapige pasi, kisha uniulize tena."

Kinyozi alifanya yote matatu, kwa mpangilio huohuo. Alipouliza tena, daktari hakumdanganya. Alisema ndiyo.