Bagula Anazima Injini

Bagula ni dereva hodari, lakini ana kichwa kigumu. Kule Bukavu aliendesha malori mabovu miaka kumi na miwili. Kanuni yake ilikuwa moja: ukisimama, usizime injini. Ukizima, haiwaki tena.

Sasa anakaa Beechmont, mjini Louisville, na anapeleka mizigo Columbus na Buffalo. Lori lake ni jipya. Hata hivyo, akisubiri kushusha mzigo masaa matatu, injini inanguruma tu.

Jumamosi moja mkewe, Nzigire, alimkuta na barua ya kampuni. Uso ulikuwa umemshuka.

"Banasema nini?"

"Eti motere ya lori inawaka bure nikiwa nimesimama. Nikirudia, batanifukuza kazi."

Nzigire hakungoja. Alimwita jirani yao Spés, fundi wa malori.

Spés alisoma barua, akamgeukia Bagula akicheka. "Bon, Baba Grâce, kamyo ya huku si ile ya Bukavu. Ukizima, itawaka."

"Na baridi ya Buffalo? Nitakufa mule ndani!"

"Kuna hita ndogo mule ndani ya kamyo, chini ya kitanda. Inatoa joto hata motere ikizimwa, na inakula mafuta kidogo sana. Hujaiwasha?"

Bagula alikumbuka kitufe kimoja kando ya kitanda. Mwaka mzima alidhani kitufe kile ni cha taa.

"Sikia," Spés aliendelea. "Dizeli ikiungua inatoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo inazuia joto lisitoke duniani, na mvua zinavurugika, huku na kwetu. Wenye meli nao banapunguza mwendo, ili zichome mafuta kidogo. Wewe meli huna. Donc, anza na kamyo."

"Nitazima," alisema Bagula. Aliogopa, lakini alikata shauri.

Wiki iliyofuata, Buffalo, theluji ilifika kwenye magurudumu. Bagula aliambiwa asubiri masaa mawili. Alizima injini, akawasha hita, akaomba Mungu. Zamu yake ilipofika, aliuma meno na kuwasha. Injini iliitika mara moja. Alipiga kelele za furaha peke yake!

Miezi mitatu ikapita bila barua nyingine. Kazi yake ilikuwa salama.

Siku moja, huko Columbus, alimkuta Dionizi, dereva mwenzake kutoka Uvira, akisubiri huku lori linanguruma. Bagula aligonga dirisha.

"Kaka Dionizi, zima."

"Na isipowaka?"

"Siondoki hapa mpaka iwake."

Dionizi alishika ufunguo. Kisha akazima.